Maswali ya Wasomaji: Mbona glaida ikipanda juu inapunguziwa spidi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa hapa Moshi, Majengo, nimepata nafasi ya kwenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja, na familia ntakayokaa nayo wanarusha glaida, zile ndege zisizo na injini, wameshaniambia wikiendi ntakuwa naenda nao uwanjani kujifunza. Wamenitumia picha ya ndani ya glaida yao. Kwenye kipima spidi kuna mstari mwekundu kwenye 250, hiyo nimeelewa, usipite hapo. Sasa pembeni kuna kibandiko kidogo kimeandikwa mpaka mita 2000 ni 250, mita 4000 ni 225, mita 6000 ni 202, mita 8000 ni 181. Mimi nilijua huko juu hewa ni nyepesi, ndege haisukumwi sana, kwahiyo wangekuruhusu uende kasi zaidi na sio kukupunguzia. Kaka yangu anasema wamekosea kuchapa. Naomba unieleweshe taratibu maana fizikia niliiacha fomu two.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, Ujerumani ndo kwenyewe kabisa kwa mambo ya glaida. Kaka yako mwambie hawajakosea kuchapa. Hicho kibandiko ni kati ya vitu vya maana kuliko vyote humo ndani na nimefurahi umekiona kabla hata hujakaa kwenye kiti, wapo watu wanarusha miaka na miaka wanaangalia ule mstari mwekundu tu, kibandiko hawana habari nacho.

Tuanze na kipima spidi chenyewe, maana ukikielewa hicho mengine yanakuja yenyewe. Kwenye pua ya glaida, au kwenye mkia, kuna mrija mdogo umeangalia mbele. Ndege ikienda, hewa inajisukuma kwenye ule mrija. Alafu kuna vitundu vingine vidogo ubavuni vinachukua presha ya hewa ya kawaida ya pale ilipo ndege. Geji inalinganisha hizo presha mbili, tofauti yake ndo inasogeza mshale. Basi. Hakuna mahali popote inapohesabu umekata kilomita ngapi, inachojua ni hewa inakusukuma kwa nguvu kiasi gani. Zile namba za kilomita kwa saa zimechorwa kwa kuchukulia kwamba uko usawa wa bahari, joto nyuzi 15, na hewa ina uzito wa kilo 1.225 kwa kila mita moja ya ujazo.

Sasa wewe ni wa Moshi, huko juu unakujua hata kama hujapanda. Tuchukue glaida tuipeleke Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, rubani ashikilie mshale kwenye 100 muda wote asiuache usogee. Ikiwa kwenye usawa wa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), mita 894, spidi yake halisi kwenye hewa ni kama 104. Ikifika usawa wa Mandara, mita 2720, ni 114. Horombo kwenye mita 3720 inakaribia 121, Kibo Hut mita 4720 ni 127, na usawa wa Uhuru, mita 5895, ni 135 na kitu. Mshale haujasogea hata kidogo! Hewa imekuwa nyepesi, kwahiyo ili ikusukume kwa nguvu ile ile lazima wewe uipite kwa kasi zaidi. (Hizi ni kwa hewa ya kiwango, siku ya joto zinapanda kidogo.)

Hapo ndo unaona kwamba kuna spidi mbili, ya kwenye geji na ya kweli, na kadri unavyopanda zinaachana. Swali lako kumbe ni hili, bawa la glaida linaogopa ipi kati ya hizo mbili?

Jibu ni kwamba linaogopa zote mbili ila kwa sababu tofauti. Kuna kuvunjwa kwa nguvu, yaani umevuta usukani ghafla au umegonga upepo unaopanda ukiwa kasi, bawa likabeba uzito kuliko lilivyojengwa. Hiyo inafuata msukumo wa hewa, na msukumo ndo kitu geji inapima, kwahiyo kwa hilo wazo lako lilikuwa sahihi kabisa, spidi ile ile ya geji ni mzigo ule ule uwe chini au uwe juu. Ndo maana hata spidi ya kustoli, ile ambayo ukishuka chini yake bawa linaacha kukubeba, inabaki namba ile ile kwenye geji. Kama glaida inastoli kwenye 70 hapo uwanjani, kule mita 6000 mshale ukifika 70 itastoli vile vile.

Adui wa pili ndo aliyeandikiwa kibandiko. Anaitwa flata. Bawa la glaida ni refu na jembamba, mita 15 kutoka ncha mpaka ncha ni kitu cha kawaida na zipo za 18, 20 na zaidi, na bawa la namna hiyo halikai limekakamaa kama mbao, linapinda juu na chini, na hapo hapo linajisokota kidogo, na ailaroni, vile vibao vya nyuma ya bawa vya kuilaza ndege kushoto na kulia, nazo kule mwishoni zina mchezo wake. Kila moja ya hizo mienendo ina mwendo wake wa kutikisika. Kwenye spidi ya kawaida ukiligusa bawa likatikisika, hewa yenyewe inalituliza, linacheza mara moja mbili linaacha. Ukiongeza spidi inafika mahali kupinda na kusokota vinaanza kwenda pamoja, bawa likipinda linajisokota kwa namna ambayo hewa inalisukuma lipinde zaidi, likirudi linasukumwa zaidi, sasa badala ya hewa kuzima mtikisiko ndo inaulisha. Ni kama bati lililong'oka msumari mmoja siku ya upepo, linaanza kupiga polepole alafu ghafla linapiga lote mpaka misumari mingine inang'oka. Kwenye glaida inaweza kuchukua sekunde chache tu bawa au mkia ukaachia, na mara nyingine hupati onyo lolote la kukufanya upunguze.

Na flata haiangalii geji yako inasema nini. Inafuata zaidi spidi ya kweli. Bawa linatikisika kwa mwendo wake ule ule liwe Moshi liwe juu ya Kibo, kwa sababu uzito wake na ugumu wake haujabadilika, wakati huo huo hewa nyepesi ina nguvu ndogo ya kutuliza mtikisiko. Kwahiyo ule wepesi wa hewa uliodhani unakusaidia ndo unaokunyima breki.

Sasa chukua kalamu tuone namba zako zimetoka wapi. Kwenye mita 2000, geji ikisema 250, spidi ya kweli ni kama 276. Tuseme kiwanda kimeamua hiyo 276 ndo mwisho. Kwenye mita 4000 spidi ya kweli ni ya geji mara 1.22, gawanya 276 kwa hiyo unapata kama 225. Mita 6000 ni mara 1.36, unapata 202 na ushee. Mita 8000 ni mara 1.53, unapata 180 na kitu. Umeona? Kibandiko chote ni spidi moja tu ya kweli imeandikwa kwa lugha ya geji. Viwanda vingine vinaanza kupunguza kuanzia mita 3000 badala ya 2000, wengine wana mpangilio wao kutokana na walivyopima, kwahiyo usibebe namba za glaida moja ukaenda nazo kwenye nyingine, soma kitabu cha hiyo unayoikalia. Na usije ukafikiri kuna akiba kubwa imefichwa. Kanuni za Ulaya za glaida zinasema mstari mwekundu usizidi asilimia 90 ya spidi ya juu iliyofikiwa kwenye majaribio, yaani ile asilimia 10 ni ya makosa ya geji, ya upepo wa ghafla na ya ndege iliyozeeka ailaroni zikalegea. Sio ya kwako.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye kushuka, kwa sababu kupanda watu hawapati shida. Glaida inafika mita 6000 au 8000 kwa kupanda mawimbi ya upepo, upepo mkali ukivuka mlima unashuka upande wa pili alafu unapanda tena na tena, na ukikaa kwenye sehemu inayopanda unapelekwa juu taratibu kabisa, kumetulia utadhani umepaki. Unapanda na spidi 90 au 100 hivi, uko mbali na mstari. Shida ni pale unapotaka kurudi. Umekaa masaa kwenye baridi, miguu haina hisia, oksijeni kwenye mtungi inaelekea kuisha, jua linazama, au wingu linafunga chini yako, akili yote inasema shuka haraka. Unainamisha pua. Mshale unapanda 180, 200, 210, wewe unaona bado uko kwenye eneo la njano la geji, lile la tahadhari kabla ya mstari mwekundu, mwekundu uko kule 250, una nafasi. Kumbe kwa mita 7000 glaida yako mwisho wake ni kama 191! Umeshapita zamani. Na hayo yote unayaamua ukiwa na kichwa kizito, kwa sababu kukosa oksijeni kunaanza kukupa raha ya uongo kabla ya kukuumiza, waulize wapagazi wa mlimani watakwambia wageni wanavyokuwa.

Kwahiyo kabla hujaondoka chini andika namba za kibandiko kwa kalamu kwenye karatasi kubwa, ibandike pajani, kile kibandiko cha kiwandani kina maandishi ya kusomwa na mtu ambaye ametulia. Ukitaka kushuka fungua breki za hewa (vile vibao vinavyochomoza kwenye bawa kupunguza mwendo) mapema ukiwa bado na spidi ndogo, ziache zifanye kazi, shuka ukiwa na 120 au 130 na breki wazi, utashuka vizuri tu. Usisubiri mpaka uko kasi ndo uzivute, maana kwenye spidi kubwa zikishaachia kufuli zinaruka zenyewe kwa nguvu na ndege nzima inashtuka. Na eneo la njano lote, uwe chini uwe juu, ni la hewa tulivu tu na mkono mdogo. Ukikaribia mwisho unaruhusiwa kusogeza usukani kama theluthi moja ya safari yake, sio zaidi.

Ukifika huko muulize mwalimu wako swali hili hili. Akikujibu "mwekundu ndo mwekundu, hayo mengine utajua baadae", tafuta mwalimu mwingine, nasema kwa moyo wote, kuna mambo hayasubiri baadae.

SWALI: Habari kaka. Mimi nipo Sakina, Arusha, ni mtu wa simyuleta, glaida naichezea kwenye kompyuta karibu kila usiku ila nimepania kuja kurusha ya kweli. Nimezoea kuanza na altimita kwenye sifuri nikiwa uwanjani ili nijue niko juu ya ardhi kiasi gani. Kuna jamaa kaniambia nikirusha hivyo kutokea Kisongo ntajiua. Anatania au?

JIBU: Hatanii ndugu yangu, ila kakwambia nusu tu. Kuweka sifuri uwanjani ni kawaida kabisa kwa watu wa glaida kwenye sehemu nyingi, maana ukirudi kutua unataka kujua bila hesabu umebakiza mita ngapi juu ya kiwanja. Tatizo ni kwamba kibandiko cha spidi hakijui Kisongo iko wapi. Kinaongelea urefu kutoka usawa wa bahari, yaani altimita iliyowekwa kwenye presha ya kiwango ya usawa wa bahari, hektopaskali 1013.

Uwanja wa Arusha, huo huo wa Kisongo, uko mita 1387 tayari. Ukiweka sifuri pale alafu altimita ikakwambia 3000, uko karibu mita 4400 za kweli. Chukua namba za dada yetu wa Moshi hapo juu, kwa mita 3000 spidi ya mwisho ingekuwa kama 238, kwa mita 4400 ni 221. Umejipa kilomita 17 ambazo hazipo, na kwenye kompyuta hujaziona kwa sababu wengi wanaanzia viwanja vya bondeni kule Ulaya. Hiyo hesabu ya kuongeza 1387 kichwani ukiwa umechoka ndo siitaki. Ukipanda juu rudisha altimita kwenye 1013, ukishuka kuja kutua weka unachotaka.

Na kwa kuwa uko Arusha nikuongezee la kutua, hili watu wa bondeni hawalijui kabisa. Saa nane mchana, joto nyuzi 28 pale Kisongo, ukiingia kutua na 100 kwenye geji spidi yako halisi ni kama 111. Unaona ardhi inakimbia kuliko ulivyozoea, mkono unavutika kurudisha spidi ili "ionekane" sawa. Usifanye hivyo! Spidi ya kustoli iko kwenye geji, sio kwenye macho yako, ukipunguza mpaka ardhi itembee kama ulivyozoea utakuwa na 90 kwenye geji na upo chini chini huna pa kurekebishia. Shika 100 yako, kubali tu kwamba utateleza mbali zaidi baada ya kugusa, nguvu ya mwendo imeongezeka kama robo nzima. Simyuleta nyingi zinaruhusu kubadilisha joto na urefu wa kiwanja, jaribu hilo usiku wa leo alafu angalia unaishia wapi kwenye ranwei.

SWALI: Mimi ni mpagazi, niko Marangu. Nimesoma mahali kwamba glaida imefika juu kuliko ndege za abiria. Sasa kama kila ukipanda spidi ya mwisho inashuka na ya kustoli inabaki pale pale, si itafika mahali zinakutana? Hapo ndege itaruka vipi?

JIBU: Aisee, hili swali lako wahandisi wa ndege wanahangaika nalo kila siku. Ndio, nafasi inabanwa kweli kweli. Glaida ya kawaida yenye 70 ya kustoli na 250 ya mwisho ina upana wa 180 chini. Kwa mita 10,000 mwisho umeshuka mpaka 160, umebaki na 90. Bado unaruka vizuri tu maana unahitaji 90 au 100 kukaa hewani kwa starehe, ila ukigonga msukosuko mkubwa huna pa kukimbilia sana upande wowote.

Ulichosoma ni kweli. Agosti 2006, Steve Fossett na Einar Enevoldson walifika mita 15,460 kwenye mawimbi ya upepo karibu na El Calafate, Argentina. Septemba 2018 Jim Payne na Tim Gardner wakatokea hapo hapo na glaida inaitwa Perlan 2, wakapita futi 76,000, hizo ni zaidi ya mita 23,000, karibu mara nne ya Uhuru. Lakini ile sio glaida ya klabu. Ilijengwa kwa ajili ya kazi hiyo, kokpiti imefungwa na kujazwa presha, na suala la flata lilikuwa kati ya mambo makubwa ya kufanyiwa kazi, kwa sababu kule juu kabisa ili mshale tu usogee kwenye namba ya kukubeba, spidi ya kweli inakuwa ya ndege ya jeti.

Mzee wangu, kwa kazi yako wewe unaijua hewa nyepesi kwa mapafu, kuliko mimi ninayeijua kwa hesabu.

SWALI: Fupi tu mkuu. Ndege za abiria zinazotoka KIA si zinaenda kilomita 800 na kitu huko juu, zenyewe haziogopi hiyo flata? Msomaji, Njiro.

JIBU: Zinaogopa, nazo zimepimwa na kuwekewa mwisho. Ila bawa lake ni fupi na gumu zaidi ukilinganisha na uzito wake, na kule mita 11,000 rubani kwenye geji anaona kama noti 260 tu (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa) wakati spidi halisi ni noti 450 hivi, kwahiyo msukumo unaobebwa na bawa ni mdogo kuliko unavyofikiria. Huko juu kinachombana kwanza ni kukaribia spidi ya sauti, kwahiyo ana kipimo kingine kabisa cha kufuata na kompyuta inamsogezea mstari wake yenyewe kadri anavyopanda. Rubani wa glaida hasogezewi na mtu, anasoma kibandiko.